Kitanda cha Sura ya Pili

Dada yangu nusura aue mtu kwa kalamu nyekundu. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akafika katikati ya habari hii akadai nimemficha. Mtu mwenyewe alikuwa mzee kipofu, hajawahi kumkosea dada yangu hata kwa salamu, na kalamu yenyewe ni ile ya kawaida ya dukani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia, kwa hiyo sijitoi.

Mtaani wanamwita Bi Nukta. Alifanya kazi ya usahihishaji miaka ishirini na sita katika kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba chenye taa mbili na meza ya mbao iliyochimbika pale alipokuwa akiweka viwiko. Alipostaafu akaja kuishi na mimi, mdogo wake, akaja na rula, kamusi tatu na tabia zake zote. Nikimwandikia karatasi ya vitu vya sokoni, ataisoma kwanza, aweke mkato kati ya vitunguu na chumvi, kisha nukta mwishoni, ndipo aende. Kadi ya harusi ya binti wa jirani aliirudisha na masahihisho manne. Na hata yeye mwenyewe kukosa mume kulianzia hapo hapo: kijana mmoja alimwandikia barua ya mapenzi, kurasa mbili, dada akamrudishia ikiwa nyekundu kama kidonda. Kijana hakuonekana tena. Mama yetu alilia, mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Baada ya kustaafu, wenye hadithi ndefu walianza kumfuata nyumbani. Hutaamini ni watu wangapi wana hadithi ndefu ndani ya sanduku. Muuguzi, dereva, karani wa bandari kavu, wote walipanda kibaraza chetu na bahasha kwapani, na wote waliambiwa jambo moja: kamalize kwanza. Dada alikuwa hagusi hadithi ambayo haijafika sura ya mwisho. Alisema mtu akianza kusahihisha sura ya kwanza wakati ya ishirini haijaandikwa, ni kama anayepiga pasi nguo ambayo haijashonwa. Sura ya mwisho ndiyo inayokuambia ya kwanza ilitakiwa kuwa nini.

Ikishamalizika, alikuwa anaisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa mikono nyuma, na ni mikono nyuma kweli, kalamu iko drooni, anasoma tu kama mtu aliyenunua kitabu. Mara ya pili aliangalia mifupa: nani anajua nini, amekijua lini, mlango ulioelekea barabarani katika sura ya tatu mbona sasa unaelekea uani. Kwa hilo alikuwa na daftari lake, anaandika kila kitu, rangi ya macho, idadi ya watoto, nani ana kilema cha mguu gani. Mara ya tatu nilikuwa namsomea kwa sauti, kwa sababu alisema sikio linakamata uongo ambao jicho limeusamehe. Mkato na nukta zilingoja mara ya nne. Watu walimwita mkali, lakini walirudi.

Basi mtu mwenye kanuni kama hizo alizivunja kwa ajili ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, wa hesabu, ila alikuwa ameacha kazi miaka tisa nyuma ili amtunze kaka yake aliyepofuka. Wote wawili waliishi juu ya nyumba ya ghorofa moja, mitaa miwili kutoka kwetu. Chini yao kulikuwa na chumba cha mama mmoja mshonaji, tukimwita Mama Cherehani. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limepigwa pasi, kucha safi. Alikuja Jumatatu moja asubuhi na sura ya kwanza, akaambiwa kama wengine: kamalize kwanza. Hakubishana. Alisema tu kwamba nyumbani hana mtu wa kuzungumza naye, kwamba akiandika peke yake mpaka mwisho hatafika, na kwamba akipata maneno mawili ya Bi Nukta kila Jumatatu yatamtosha kuishi wiki nzima.

Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia ukimya wa dada. Nikajua ameshakwisha.

Kuanzia siku hiyo Jumatatu ikawa siku. Bahasha ya kaki, sura moja, chai. Dada alianza kuvaa gauni la buluu ambalo nilidhani analiweka kwa ajili ya kuzikwa. Nilimtania kwamba mkato umepata nukta yake, akaniambia nifunge bakuli langu. Lakini alikuwa na furaha, na mimi kwa kweli nilimfurahia. Mtu wa miaka sitini na nne hastahili kunyimwa Jumatatu.

Hadithi ilihusu ndugu wawili. Mkubwa amepofuka, mdogo ameacha kazi amtunze. Mke wa mdogo amechoka kuishi na shemeji, ameondoka. Katika sura ya pili kulikuwa na maelezo mazuri ya yule kipofu: jinsi asivyotaka kupapasa kuta ndani ya nyumba yake kama mgeni, anatembea mikono nyuma, anahesabu. Kutoka ukingo wa kitanda chake, kupita mlangoni, kunyoosha korido mpaka kwenye kichwa cha ngazi, ni hatua kumi na nne. Akifika kumi na nne anasimama, ananyoosha mkono wa kulia, anashika chuma cha ngazi, ndipo anashuka. Dada akaandika kwenye daftari lake: kitanda hadi ngazi, 14.

Sote tulijua kwamba Mwalimu anaandika maisha yake. Watu wote wa bahasha wanaandika maisha yao na kubadili majina, hilo halikutushangaza.

Katika sura ya kumi na nne, ndugu mdogo alifika mwisho wa uvumilivu. Akakata shauri kwamba kaka yake aanguke kwenye ngazi na mambo yaishe. Nilipoisoma nikamwambia dada kwamba sasa hadithi imekuwa mbaya. Akaniambia imekuwa nzuri. Kilichomkera yeye ni kitu kingine: Mwalimu alianza kuchanganya nyakati. Sura zote za mwanzo ziliandikwa kwa wakati uliopita, aliamka, alikula, alinyamaza. Sasa kila baada ya mistari michache linachomoza "ataamka", "atahesabu", "ataanguka". Dada akasema ni uchovu, mwalimu wa hesabu hawezi kuwa mtu wa lugha. Akachukua kalamu, na kila penye "ta" akaweka "li".

Kisha akaandika pembeni, kwa mwandiko wake ule wa kiwandani: Kipofu aliyeishi hapa miaka tisa hawezi kuanguka tu. Anaijua nyumba kwa hesabu. Labda hesabu yenyewe imsaliti.

Nimeyanukuu maneno hayo kama yalivyo. Yapo bado, yamekaa kwenye karatasi.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alishukuru sana kwa maoni yale. Sura ya kumi na tano ikasema kitanda kitasogezwa karibu na mlango kwa hatua moja, hivyo kumi na nne itaangukia hewani. Dada akaandika: Kipofu angesikia kitanda kikikokotwa. Ya kumi na sita ikasema kitasogezwa upana wa kidole kila siku, kaka akiwa bafuni na maji yanamwagika, na kwamba kwa wiki hizo zote mdogo atakuwa anamshika mkono koridoni asigundue, kwa kisingizio kwamba rangi ya ukutani haijakauka. Dada akaipenda sana ile ya kidole. Aliniita nije nisikie. Lakini humo humo palikuwa na kosa la mifupa, hatua zimeandikwa kumi na tatu, akaandika: Sura ya pili 14, sura hii 13. Chagua moja.

Mwalimu alipokuja akasoma neno hilo akiwa amesimama kibarazani.

"Zote mbili ni sahihi, Dada," akasema. "Inategemea unahesabu kutoka sura ipi."

Dada akacheka. Alidhani ni uchangamfu.

Akaendelea kumzibia matundu. Aliuliza chuma cha ngazi je, si atakishika? Sura ya kumi na saba ikasema chuma kitang'olewa kipelekwe kupigwa rangi. Aliuliza jirani wa chini je, si atasikia kishindo na kukimbilia? Ya kumi na nane ikasema jirani atakuwa amehama. Na kila mara dada alikuwa anabadilisha "ta" kuwa "li", bila hata kufikiri, kama mtu anayefukuza inzi.

Jumatatu ya sura ya kumi na tisa Mwalimu hakunywa chai. Alisema imebaki moja tu, ataileta wiki ijayo, na akamshukuru dada kwa yote, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Dada hakunawa mkono ule mpaka jioni, nilimwona. Sura yenyewe ilikuwa fupi. Ni Jumatano, siku ya kliniki. Ndugu mdogo atatangulia chini asubuhi, kisha ataita kutoka barabarani: Kaka, shuka, gari limefika.

Kesho yake, Jumanne, dada akasema tuanze kuisoma kwa sauti tangu mwanzo, ili sura ya ishirini ikija ikute tuko tayari. Nakala aliyosahihisha alikuwa ameishika yeye. Mimi nikapewa karatasi za Mwalimu mwenyewe, zile ambazo alikuwa anatuletea mbili mbili, moja ya dada kuchafua na moja safi. Tukakaa mezani baada ya kifungua kinywa, nikasoma.

Nilisoma saa mbili nzima. Sura ya kwanza mpaka ya kumi na tatu, hakuna "ta" hata moja. Nilianza kusikia hilo kwa sababu nilikuwa nasubiri kuzitania. Mtu asiyejua nyakati hakosei namna hiyo, akaandika sura kumi na tatu safi kabisa kisha akaugua ghafla. Nikafika ya kumi na nne. Kila kilichokuwa kimetokea kimeandikwa kimetokea. Na kila kinachohusu kuanguka kimeandikwa kitatokea. Hapakuwa na mchanganyiko wowote. Alikuwa makini kuliko sisi.

Nikaendelea kusoma mpaka kwenye jirani aliyehama, nikanyamaza.

Dada akauliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia kwamba Mama Cherehani amehama. Nilikuwa nimekwenda wiki iliyopita kuchukua sketi yangu nikakuta chumba kitupu, ikabidi nimtafute huko karibu na stesheni, akaniambia Mwalimu alimwomba kwa upole aachie chumba, alisema wanataka kufanya ukarabati. Nilikuwa nimeona kero tu ya kutembea. Sikuwa nimemwambia dada.

Dada alichukua karatasi kutoka mkononi mwangu. Akaweka ile yake nyekundu kando ya ile safi, akaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari, "ta" ya Mwalimu, "li" yake, "ta", "li". Alihesabu wiki kwa vidole tangu sura ya kitanda. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena, "Mdogo wangu, hizi hazikuwa makosa."

Kesho yake ilikuwa Jumatano.

Tulitoka saa ile ile kama tulivyo, mimi na ndala, yeye na miwani ya kusomea ambayo barabarani haimsaidii kitu. Njiani nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba ningefungua mdomo ningemtapikia yote, gauni la buluu, chai, labda hesabu yenyewe imsaliti. Mlango wa Mama Cherehani ulikuwa na kufuli. Ngazi zilipanda kando ya ukuta wa ndani, za saruji, zenye kona kali. Upande wa kulia kulikuwa na matundu manne ya duara mahali palipokuwa na chuma.

Dada alipoyaona akaketi kwenye ngazi ya kwanza. Nikamwinua. Nilimwambia ataketi baadaye.

Tuliita hodi, na sauti ya mzee ikatukaribisha kutoka chumbani, tena kwa uchangamfu, akisema mdogo wake ametoka kwenda sokoni ila yeye yupo na hana miadi. Nikasikia kitanda kikilia akiinuka. Dada akapiga kelele akae hapo hapo, asiweke mguu chini.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mwanamume mkubwa wa mwili, ndevu zimenyolewa vizuri. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akimnyoa, tulisoma hilo katika sura ya tano. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa miaka mingi. Na nyuma ya kitanda, upande wa dirishani, kulikuwa na alama mbili za mviringo, nyeupe nyeupe, mahali ambapo matendegu yalikuwa yamesimama miaka tisa bila kusogea. Kutoka kwenye kila alama ulitoka mkwaruzo mwembamba kuelekea mlangoni, ulionyooka kama umepigwa rula.

Dada alimwomba mzee asogee kidogo. Akaketi pale mzee alipokuwa ameketi, akavua miwani, akafumba macho, akasimama. Nilielewa anachotaka kufanya nikamshika gauni kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Akaanza kutembea kwa hatua ndefu za mwanamume, akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Mlangoni alikuwa kwenye tatu. Korido ilikuwa na harufu ya rangi. Mzee alikuwa kitandani, anasikiliza. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kumi na tatu, na vidole vya mguu wake vikawa vimevuka ukingo wa ngazi kidogo. Nikamwambia dada, simama. Hakusimama. Akasema kumi na nne, akainua mguu, akaushusha hewani.

Nilimvuta mpaka gauni likachanika bega. Tulianguka wote wawili kwa nyuma, koridoni, na tukabaki hapo sakafuni kama watoto. Alisema mguu ulikwenda na kwenda, haukufika.

Tukarudi chumbani, tukamwomba mzee asimame pembeni, tukakishika kitanda, mimi kichwani, yeye miguuni, tukakirudisha. Kilikuwa kizito, cha mbao za zamani. Matendegu yakaingia kwenye alama zake, moja baada ya jingine.

"Mnafanya nini, dada zangu?" mzee akauliza, ingawa hakuuliza kama mtu asiyejua.

"Tunakirudisha kwenye sura ya pili," dada akasema. Halafu akaanza kulia.

Mimi ndiye niliyemweleza. Sikumtafunia maneno, nilimwambia kitanda kilikuwa kinasogezwa kidole kidole, na chuma kimeng'olewa, na kesho ataitwa kutoka chini. Nilidhani atapigwa na butwaa. Alipapasa godoro, akaketi, akashusha pumzi.

"Najua," akasema. "Nimejua tangu wiki ya kwanza. Upepo wa dirisha ulikuwa unanipiga shavuni nikilala. Siku hizi unanipiga tumboni."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Nilikuwa na hasira hata na yeye.

"Nilikuwa namngoja aache mwenyewe."

"Na kama asingeacha? Kesho?"

"Kesho ningehesabu kumi na nne," akasema mzee, "kama siku zote."

Nilisikia kitu kikianguka chini kwenye ngazi, vitu vya duara vikibiringika ngazi moja hadi nyingine. Vilikuwa viazi. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya ngazi na kapu limepinduka, na kwa uso aliokuwa nao nilijua amesikia tangu neno la upepo. Hakupanda wala hakushuka. Dada alikwenda akasimama kwenye kichwa cha ngazi, gauni limechanika, miwani mkononi. Alimwambia kwamba karatasi zote kumi na tisa, safi na nyekundu, amezifungia na zina msomaji mwingine. Huo ulikuwa uongo, zilikuwa zimetapakaa mezani kwetu pamoja na makombo ya mkate. Mwalimu alisema ni hadithi tu.

"Ndiyo," dada akamjibu. "Na msomaji ameshajua mwisho."

Mwalimu akaketi pale pale kwenye ngazi, akafunika uso. Alisema miaka tisa. Alilirudia hilo tu, miaka tisa, miaka tisa, na Mungu anisamehe, kuna sehemu ya moyo wangu iliyomwelewa, nikaichukia.

Hatukumwacha mzee peke yake mpaka binti yake, niliyempigia simu, alipofika. Anaishi safari ya saa nne, na alifika jioni na teksi. Nilikimbia nyumbani kuchukua karatasi, tukampa zote, akasoma sura sita za mwisho akiwa amesimama. Mimi nilitaka twende polisi. Mzee alikataa katakata, akasema akienda mtu polisi yeye atasema alisogeza kitanda mwenyewe. Kwa hilo sijamsamehe mpaka leo. Asubuhi yake, ile Jumatano, binti alimchukua kwenda kuishi kwake, akamshusha kwa kumshika kiuno, ngazi moja moja, na mzee alipofika chini aligeuka akanyanyua uso juu, akangoja. Mwalimu hakutoka.

Sasa ni miezi minane. Dada bado anapokea watu wa bahasha, ila anayeleta sura moja anarudi nayo, hata akilia. Akikutana na wakati ujao mahali asipoutarajia hauharibu. Anatia duara ndogo kwa penseli na kumwita mwenye hadithi amuulize. Halali vizuri. Nimemkuta mara mbili akitembea koridoni kwetu mchana, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Na mimi nimetia alama za chaki kwenye matendegu ya vitanda vyetu, nazitazama kila nikifagia. Chekeni mkitaka.

Wiki iliyopita, Jumatatu, ilikuja bahasha ya kaki kwa posta. Nilitaka kuichoma. Dada alinipokonya, akaifungua kwa rula. Ndani kulikuwa na karatasi moja, imeandikwa juu Sura ya Ishirini, na chini yake mstari mmoja tu: Mimi ndiye niliyekisogeza kitanda.

Sura kumi na tisa zilikuwa za "yeye". Hii ilikuwa ya "mimi", na ya wakati uliopita.

Nilimwona dada akifungua kalamu nyekundu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaupitia mstari ule kutoka mwanzo hadi mwisho, mara nne, kama kanuni inavyotaka. Hakusahihisha kitu. Kisha akaandika pembeni, kwa mwandiko wake wa kiwandani: Na mimi nilikusaidia. Akaweka nukta.

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha mpya, akaniambia niipeleke posta kabla hawajafunga. Niliipeleka.